Uzi maalumu: Kufufua pikapu za zamani na kubadili injini. Injini iwe ya mwisho kuamuliwa

#1 Spana14 (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna watu wameniandikia faraghani kuhusu Hilux yangu ya 1980 niliyoitoa injini ya petroli ya 18R na kuifunga 3L ya dizeli. Badala ya kujibu mmoja mmoja, nashusha yote hapa. Kazi imenila miaka mitatu, jioni na siku za mapumziko.

Karibu kila wiki humu kuna anayeuliza "injini gani inaingia kwenye pikapu yangu?" na anatajiwa jina la injini, basi, anaenda kununua. Injini yoyote inaingia, mradi uwe tayari kukata chuma. Swali ni kwamba ikishaingia, gari litasimama? Litapoa? Difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) itaiacha injini ifanye kazi kwenye mizunguko inayoipenda? Mimi niliyafuata hayo kwa kuchelewa na yamenigharimu, ndiyo maana naandika.

Gari nililikuta kwa mzee aliyelinunua likiwa jipya. Lilikuwa limefunikwa turubai, matairi yamekaa chini. Kitasa cha mlango wa dereva kilikuwa kimelika upande mmoja, pale kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa miaka yote. Rangi ya juu ilikuwa inang'aa ukiimwagia maji, nikadanganyika. Kutu ni moto wa makumbi: juu shwari, chini inakula.

Nilipoinua mkeka upande wa dereva nikakuta bati juu ya bati, viraka vinne. Cha chini kabisa kilifungwa kwa riveti. Kati ya kiraka cha pili na cha tatu kulikuwa na udongo mkavu, na nilipoukwangua kwa bisibisi, bisibisi ikatokea chini ya gari. Kiraka cha kwanza kilipofungwa juu ya kutu bila kuikata, vingine vitatu vilikuwa vimeshaandikiwa kufa.

Kwa hiyo nilianza na bodi na chasi, na kwa pikapu kuna sehemu ambazo lazima uzipige nyundo kabla hujalipa hata senti: sakafu chini ya miguu, pembe za nyuma za kabini, vizingiti chini ya milango, pale kabini inapokaa kwenye chasi, na chasi yenyewe inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti butu.

Mambo mawili ya kukata sakafu. Usikate kabla hujachomelea vyuma vya muda ndani ya uwazi wa milango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya komeo. Kabini bila sakafu inafunguka kama boksi lisilo na kitako, na hutajua mpaka siku unafunga mlango unagoma. La pili, ukichomelea bati jembamba usivute mstari mrefu. Piga nukta, hama upande mwingine, piga nukta, rudi. Joto likikaa sehemu moja bati linakunjamana, na hakuna pati itakayoficha.

Chasi niliipima kwa kamba ya mkingamo: kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana sana, gari limewahi kugonga na chasi imekaa mshazari. Yangu ilitofautiana milimita 3, nikamshukuru Mungu nikaendelea.

Injini sikupanga kuibadili. Bloki ya 18R ilikuwa na ufa kwenye koti la maji. Nilipofungua bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Ndipo nikaanza kutafuta nyingine.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

#2 SilindaSita

Mkuu umeandika vizuri, lakini niweke neno kwa niaba ya injini za zamani, maana watu wanazitoa hata zikiwa nzima.

Mimi nina Ford F-100 yenye ile silinda sita ya inchi za ujazo 300, lita 4.9. Ford waliitengeneza kuanzia 1965 hadi 1996. Krenki shafti yake imeshikwa na beringi kuu 7, na kamshafti inazungushwa kwa gia moja kwa moja. Hakuna cheni wala mkanda wa kukatika. Niliambiwa na kila mtu nitoe niweke V8. Nikapima kwanza.

Kipimo chenyewe ni cha mgandamizo. Injini ikiwa na joto, toa plagi zote, fungua kabureta mpaka mwisho, piga stata kila silinda mizunguko ileile. Silinda ikitoa namba ya chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia vali, au gasketi ya silinda hedi kama silinda mbili zilizo jirani zimeshuka pamoja. Yangu ilikuwa na vali mbili tu zisizokaa vizuri. Hedi imeenda kwa fundi, imerudi, na gari linatembea.

Na hapo kwa fundi mwambie aweke viti vya vali vigumu upande wa ekzosi. Injini nyingi za zama zile zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulinda viti hivyo, na petroli ya risasi imekwisha duniani. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho kuiuza kwa magari, 2021. Ukibeba mizigo mizito na viti laini, vali zinajichimbia taratibu, nafasi ya vali inapotea, injini inaanza kukosa nguvu ikiwa na joto.

#3 Spana14

SilindaSita nakuunga mkono kwa asilimia zote. Kama bloki yangu isingepasuka ningebaki na 18R. Injini ya asili ikiwa hai, kila kitu kilichoizunguka kilipimwa kwa ajili yake: rejeta, difu, springi za mbele, hata mahali waya wa kiongeza mwendo unapopita. Ukiitoa, yote hayo unayarithi wewe.

Wanaobaki na injini za zamani zenye tapeti bapa, chagueni oili yenye ZDDP ya kutosha, yaani ile zinki na fosforasi. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa ili kulinda kichujio cha ekzosi. Na kamshafti mpya ya aina hiyo haiachwi ilale kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta. Ikishawaka tu, ishike kwenye mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 hivi, ukibadilisha kidogo kidogo. Nimeona kamshafti mpya ikiwa imenyolewa kwa sababu mtu aliwasha akaenda kutafuta simu yake.

#4 Mgeni_Gereji

Mkuu Spana14, kwa nini 3L? Wengine wanasema weka yenye tabo ufaidi.

#5 Spana14

Nilitaka injini ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuweka ndugu yake kwenye gari hili. Hilux ya kizazi hiki ilitoka pia na dizeli ya L ya lita 2.2. 3L ni ya ukoo huohuo, cc 2,779, haina tabo, haina kompyuta. Pampu ya dizeli inaendeshwa kimekanika. Na nilichukua na giaboksi yake, maana nyumba ya klachi ya ukoo wa R haikai kwenye bloki ya ukoo wa L. Ukinunua injini peke yake kwa sababu ni rahisi, utaanza kutafuta bati la kuunganishia, flaiwili, sahani ya klachi, na kila kimoja kitakuwa na hadithi yake. Mkanda wa taiming nimeuweka mpya kabla injini haijaingia. Ni wa kilomita 100,000, na injini ya kununua hujui umebaki na ngapi.

Sasa niwaeleze kosa langu, na naomba mlisome taratibu.

Injini iliwaka siku ya kwanza. Furaha ile sijui niielezeje. Nikatoka nayo nje, nikaenda mbele, nikakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili ikashika kwa shida. Mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe, gari linaendelea kwenda. Nikasimama kwa hendibreki na gia ya kwanza. Nilikuwa kwenye uwanja mtupu, hakuna mtu mbele yangu. Mikono ilinitetemeka mpaka nilipofika nyumbani.

Sababu ni hii. Injini ya petroli ina kipepeo kwenye njia ya hewa. Ukiachia mafuta, kipepeo kinafunga, nyuma yake inabaki ombwe, na ombwe hilo ndilo linalovuta busta ya breki, kile chombo kinachousaidia mguu kukandamiza breki. Dizeli ya aina hii haina kipepeo. Inavuta hewa wazi muda wote. Ombwe hakuna. Bomba langu la busta nililichomeka kwenye manifoldi kama lilivyokuwa, na zile breki mbili za kwanza zilikuwa za akiba iliyobaki ndani ya busta.

Dizeli hizi zinatumia pampu ya ombwe, mara nyingi imefungwa nyuma ya altaneta. Altaneta niliyopewa haikuwa na pampu. Nilitafuta yenye pampu, nikaiwekea bomba la oili la kuingia na bomba nene la kurudisha oili kwenye sampu, maana pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini. Likiziba la kurudi, pampu inakufa na breki zinakufa nayo.

Kujaribu busta ni dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita mpaka pedeli iwe ngumu. Iendelee kuwa chini ya mguu, washa injini. Pedeli ikizama kidogo, busta inavutwa. Isipozama, usitoke getini.

#6 DramiNne

Hii ya busta imenigusa. Mimi niko upande mwingine, Chevrolet C10 ya 1966, nimetoa silinda sita nimeweka V8 ya lita 5.3 ya LM7 kutoka Silverado. Watu wanaipenda kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi na inapatikana.

Kwangu injini haikusumbua, ilisumbua petroli na nafasi. Kabureta inaridhika na presha ya psi 5 hadi 7. LM7 ni ya sindano, inataka karibu psi 58. Bomba la zamani, mpira wa zamani, tangi la zamani, vyote havikutengenezwa kwa presha hiyo. Nimeweka pampu ndani ya tangi, mipira ya sindano yenye klipu zake, na filta yenye regulita ndani yake, ile ya Corvette ya 1999 hadi 2003. Ina njia ya kurudisha petroli, na regulita imeshawekwa kwenye 58 tangu kiwandani. Mpira wa kabureta ukiuweka kwenye presha hiyo, unapasuka juu ya ekzosi yenye moto. Sihitaji kuendelea.

Sampu ya injini ya lori inaning'inia chini sana, ikapita chini ya kromemba (chuma cha mkingamo cha chasi chini ya injini). Nikatafuta fupi zaidi, ya Camaro ya 1998 hadi 2002. Waya za sensa nimeacha zote zinazohitajika na kompyuta, nimetoa tu zile zilizokuwa za sehemu nyingine za Silverado.

Na breki: 1966 ile ilikuja na drami magurudumu manne na master silinda ya chumba kimoja. Bomba moja likivuja, pedeli inaenda sakafuni, huna breki mahali popote. Niliweka ya vyumba viwili na diski mbele kabla V8 haijaingia. Hapo nakubaliana na kichwa cha uzi.

#7 Mgeni_Gereji

Wakuu, difu mnaijuaje kama inafaa? Nimetambaa chini ya gari, kibandiko kimefutika.

#8 Spana14

Inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini, gia iwe huru. Zuia gari lisiondoke! Weka alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi lililo juu mizunguko miwili kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na kidogo, difu yako ni kama 4.1. Hii ni kwa difu ya kawaida isiyo na kufuli.

Halafu hesabu. Tairi langu lina kipenyo cha sentimita 70, kwa hiyo mzunguko mmoja unakwenda mita 2.2. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 1,667 kwa dakika, tairi linazunguka mara 758. Difu yangu ya zamani ilikuwa 4.875. Kwa gia ya nne, ambayo ni moja kwa moja, injini inazunguka karibu 3,700. Petroli ya 18R haijali. 3L inatoa nguvu yake ya mwisho kwenye 4,000, kwa hiyo ningekuwa naipiga kelele safari nzima. Nikaweka 4.1: gia ya nne inashuka hadi 3,100 hivi, na gia ya tano ya 0.85 inashuka hadi 2,650. Injini imetulia, nasikia hata upepo kwenye mpira wa dirisha.

Kwenye Hilux kichwa cha difu kinatolewa kwa mbele kikiwa kizima, hivyo kubadili ni kazi ya siku moja. Ukibadili uwiano, spidi mita nayo inadanganya. Kuna gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi inayotakiwa kubadilishwa.

Propela nayo. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu, propela ikakatwa na kufanyiwa balansi. Pembe: mhimili wa giaboksi na pua ya difu viwe sambamba, na kila kros (kiungo kinachopinda mwishoni mwa propela) ifanye kazi kwenye nyuzi 1 hadi 3. Watu wanadhani sifuri ndiyo bora. Sifuri inaua kros, kwa sababu sindano za ndani ya beringi hazizunguki, zinakaa palepale na kuchimba. Pembe zisipolingana, utasikia mtetemo unaokuja na mwendo na hutaupata hata ukibadili matairi yote.

#9 Volti6

Nina F-100 ya 1953, volti 6, na betri imefungwa chanya kwenye bodi. Nataka kwenda 12. Niogope?

#10 DramiNne

Usiogope, nenda kwa mpangilio. Hasi iende kwenye bodi, weka altaneta, badili balbu zote, koili ya 12 (au ya zamani na kizuizi chake), geji ziwe na kipunguza volti, na geuza waya za geji ya ampea. Mota ya feni ya joto nayo ni ya volti 6. Stata ya volti 6 inavumilia 12 ukiipiga kwa muda mfupi. Waya zenye ganda la kitambaa linalopukutika zitoe zote, usiunge.

#11 Spana14

Niongeze: nusu ya magonjwa ya umeme niliyoletewa ni ardhi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Rangi mpya ni kizuizi. Weka mkanda mnene kutoka injini hadi chasi, na mwingine kutoka chasi hadi kabini, chuma kwa chuma, kisha paka grisi juu. Dizeli ndiyo zaidi, stata yake inakula umeme mwingi, na hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) zinataka waya nene na rilei yake. Ukizipitisha kwenye swichi ya funguo, unaichoma.

#12 Mgeni_Gereji

Kutu ya vipande vidogo naona watu wanatumia umeme na maji. Ni kweli?

#13 SilindaSita

Kweli kabisa. Beseni la plastiki, maji, sodiamu kaboneti, chaja ya betri. Hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma cha kawaida kisichogusana nacho. USITUMIE chuma cha pua kwenye chanya. Maji yanabaki na kromiamu ya sumu kali. Fanyia nje, kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni, na zima chaja kabla ya kushika klipu. Springi na bolti ngumu usizitie humo, haidrojeni inaingia kwenye chuma na kukifanya kikatike ghafla. Ukitoa kipande, kikaushe na upige praima siku hiyohiyo, kutu inarudi ukitazama.

#14 Kabureta_Mbili

Spana14, ulijuaje 3L itakaa kabla ya kununua maunti (vishikizi vya injini kwenye chasi)? Mimi nimeshachomelea mara mbili, nimekata mara mbili.

#15 Spana14

Pole mkuu. Nilitumia bloki iliyokufa. Bloki tupu, hedi tupu, giaboksi tupu, zikafungwa pamoja. Mtu na msaidizi wanaziinua kwa chenibloki bila kuogopa. Nikaweka na feni, manifoldi, altaneta na filta ya oili, maana ndivyo vinavyogonga. Rejeta nikaikatia mfano wa kadibodi. Gari lazima liwe limekaa kwa magurudumu yake wakati huo. Ukiliweka kwenye stendi, ekseli zinaning'inia na pembe zote za propela ni uongo.

Nikakaa nayo wiki nzima. Siku ya kwanza niliona sampu inalala kwenye kromemba. Injini ilitoka kwenye basi dogo, sampu yake ina tumbo mahali pengine. Nilipata ya pikapu, na hapa kuna mtego: kinyonya oili cha ndani lazima kibadilishwe pamoja na sampu, na fimbo ya kupimia oili pia. Usipobadili kinyonya, kitaning'inia juu ya oili na hutaona kosa mpaka taa ya oili iwake mlimani. Fimbo niliipima upya: nikamimina oili ya kiasi ninachokijua, nikapiga alama mwenyewe.

Siku ya nne nikagundua sehemu ya usukani inapita sentimita moja na nusu kutoka kwenye ekzosi. Ningekuwa nimeshachomelea, ningelazimika kukata. Nilisogeza injini kidogo mbali na usukani, ndipo nikapiga nukta za maunti. Kuchomelea kamili nilifanya injini halisi ikiwa nje.

Tangi nalo lilitolewa na kuoshwa mara tatu. Pikapu iliyokaa miaka ina kutu na utando wa petroli ndani, na pampu ya dizeli haisamehi uchafu. Bomba la kurudisha liwe limefika tangini, na filta yenye kikombe cha kutenganisha maji ikae mahali unapoiona.

Halafu namba ya injini: ulizia kwa mamlaka ya usajili na kwa bima KABLA hujanunua, na upate karatasi za muuzaji. Gari zuri lisilo na karatasi linabaki kuwa pambo la uani.

#16 Kabureta_Mbili

Asante sana mkuu. Nimepata bloki iliyokufa, wikiendi naanza. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza ulifanyaje?

#17 Spana14

Nilichomoa waya wa soleinoidi ya pampu ili dizeli isifike kwenye noseli, nikapiga stata kwa vipande vya sekunde kumi nikipumzisha, mpaka taa ya oili ikazima. Ndipo nikarudisha waya, nikatoa hewa kwenye dizeli kwa kulegeza nati za mabomba ya noseli, nikawasha hita plagi. Ikashika mara ya pili. Msaidizi alikuwa amelala chini na tochi akitafuta mvujo, mimi macho kwenye geji ya joto. Hita ya kabini niliiacha wazi ili hewa itoke kwenye maji.

Kilomita 50 za kwanza sikwenda mbali na gereji. Leo asubuhi odomita imetimiza 500 tangu siku ile, nikaingia chini na spana. Bolti mbili za maunti ya kushoto zilikuwa zimelegea, kila moja ikala robo mzunguko. Yako ukimaliza, ikague hapohapo kwanza.